Mishipa ya Jicho la Mtoto Yasomwa Bila Sindano

Askari aliyezoea lindo la usiku katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac na kuendelea mpaka Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania, ajua jambo moja ambalo halihitaji maelezo marefu. Gizani, kitu kilichotulia ni vigumu kukitambua. Ila kile kinachosogea hujifichua chenyewe. Mlinzi hukazia macho mahali pamoja, akatulia, akatazama tena. Kilichobadilika kati ya mtazamo wa kwanza na wa pili ndicho anachokishughulikia.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyowawezesha mabingwa wa macho katika miaka hii ya karibuni kuiona damu ikitembea ndani ya jicho la mtoto, bila kumchoma sindano, bila kumtia dawa ya rangi mwilini, na bila kuligusa jicho lenyewe. Makala hii yakusudia kueleza njia hiyo inavyofanya kazi, magonjwa ambayo yaweza kutambuliwa kwa kuitazama mishipa ya jicho, na sababu ya jambo hilo kumhusu mwanajeshi na polisi. Maana askari ni mzazi na jirani; na mara nyingi usiku ndiye mtu pekee mwenye gari, redio, au uwezo wa kufungua kizuizi cha barabarani.

DIRISHA LA DAMU

Mishipa ya damu katika mwili wa binadamu imefichwa chini ya ngozi, nyama na mifupa. Mahali ambapo mishipa midogo yaweza kutazamwa waziwazi bila kupasua kitu ni nyuma ya jicho. Mwanga huingia kwa kupitia kioo cha mbele cha jicho, ukapita katika mboni na lenzi, hata ukafika kwenye utando mwembamba uitwao retina. Unene wa utando huo ni kama robo ya milimita tu; lakini ndio unaopokea sura ya kila tukionacho na kuipeleka kwenye ubongo.

Retina hula oksijeni kwa wingi, na kwa hiyo imetandikwa mishipa mikubwa na midogo mithili ya mito na vijito vinavyoshuka kutoka milimani kuja ziwani. Aidha, mtoto anapoumbika tumboni mwa mama yake, retina huchipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Ndiyo maana baadhi ya maradhi yanayoishambulia mishipa ya ubongo, ambayo hayawezi kuonekana kwa sababu ya fuvu, huacha alama zake katika jicho.

Mnamo mwaka 1851, mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, aliutangazia ulimwengu chombo cha kumulikia na kutazamia ndani ya jicho. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuiona mishipa ya mtu aliye hai. Hata hivyo aliona mishipa, wala hakuona vyema namna damu inavyopita ndani yake, hasa katika vile vishipa vilivyo vyembamba kuliko unywele.

Miaka 110 ilipita. Mwaka 1961, Harold Novotny na David Alvis wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walieleza njia ya kutia dawa ya rangi katika mshipa wa mkono, kisha kupiga picha za jicho mfululizo wakati rangi hiyo inapopita. Kwa muda wa sekunde 10 hadi 15 hivi rangi hufika machoni, na mishipa yote ikang'aa pichani. Njia hiyo imewafaa madaktari kwa miongo mingi, na ingali yatumika hadi leo. Lakini ina taabu zake. Mgonjwa aweza kupatwa na kichefuchefu. Ngozi yake hugeuka manjano kwa muda. Na mara chache sana mwili huikataa dawa kwa nguvu hata maisha yakawa hatarini. Kwa mtu mzima haya yavumilika. Mtoto wa miaka 3, anayelia na kujitupa mara aionapo sindano, mara nyingi hulazimika kulazwa usingizi kwa dawa ili apigwe picha hizo.

MWANGA BADALA YA RANGI

Hatua iliyobadili mambo ilipigwa mwaka 1991. Katika mwaka huo, David Huang, James Fujimoto na wenzao huko Massachusetts, Marekani, walitangaza njia ya kuzipiga picha tabaka za retina kwa mwanga peke yake. Kanuni yake yafanana na mwangwi. Mtu akipaza sauti mbele ya mwamba, sauti humrudia. Na muda unaopita hadi irudi humwonyesha umbali wa mwamba ule. Mashine hii hupeleka mwanga hafifu ndani ya jicho, na kila tabaka la retina hurudisha sehemu ya mwanga huo. Kwa kuwa mwanga huenda kasi mno kupimwa kwa saa ya kawaida, mashine huulinganisha mwanga uliorudi na mwanga mwingine uliopitishwa katika njia ambayo urefu wake wajulikana. Kwa ulinganifu huo hujua mwanga umerudi kutoka kina gani, na kuchora tabaka za retina kana kwamba imekatwa kwa kisu kikali, hali haikuguswa.

Hapo ndipo ilipoingia ile hekima ya mlinzi. Kama mashine itapiga picha ya mahali pale pale mara mbili au zaidi, kwa kufuatana upesi, nyama ya jicho itabaki vile vile katika picha zote, kwa kuwa haisogei. Lakini chembe za damu hazisimami. Katika kila picha zitakuwa zimehama. Tarakilishi huzilinganisha picha hizo, ikafuta kila kisichobadilika, ikabakiza kilichosogea. Kinachobaki ni ramani ya damu inayotembea, na kwa ramani hiyo mishipa yote hujulikana. Wataalamu huiita njia hii angiografia ya mwanga, na kwa kifupi chake cha kimataifa OCTA. Tangu miaka ya 2015 na 2016 mashine zake zimekuwa zikiuzwa kwa hospitali za nchi mbalimbali.

Faida yake kwa mtoto ni dhahiri. Picha huchukua sekunde chache. Hakuna sindano, wala hatari ya mwili kuikataa rangi. Yaweza kurudiwa wiki hadi wiki ili daktari ajue kama ugonjwa unapungua au unaongezeka. Tena huonyesha mishipa ya juu peke yake na ya chini peke yake, jambo ambalo picha za rangi hazilifanyi vizuri.

Ni wajibu pia kueleza upungufu wake, maana chombo kisifiwe kwa kadiri ya kazi yake. Mtoto sharti atulie. Akitikisa kichwa, mashine hudhani kwamba kila kitu kimesogea, na picha huharibika. Watoto wachanga huhitaji mashine ya kushikwa mkononi, ambayo haipatikani kwa urahisi. Eneo linalopigwa kwa mara moja ni dogo, milimita chache tu kila upande, hali magonjwa mengine huanzia pembezoni mwa retina. Na kwa kuwa huonyesha mwendo wa damu tu, haionyeshi mshipa unaovuja. Kwa sababu hizo rangi ya mwaka 1961 haijastaafu, na kile chombo cha kumulikia cha mwaka 1851 kingali mfukoni mwa kila daktari wa macho.

MTOTO ALIYEZALIWA KABLA YA WAKATI

Yapo magonjwa ambayo kuisoma mishipa mapema ndiko kunakoamua kama mtoto ataona au atapofuka. Mojawapo ni ugonjwa wa retina wa watoto njiti.

Mishipa ya retina huanza kuota mimba ikiwa na wiki 16 hivi, na haikamilishi safari yake mpaka wiki ya 36 upande wa puani, na wiki ya 40 upande wa sikioni. Mtoto akizaliwa mapema mno, mishipa yake ingali njiani. Anapopewa oksijeni nyingi kupita kiasi, mishipa hiyo husita kuota. Baadaye retina hukua, ikaona njaa ya oksijeni, ikatoa kemikali ya kuiita mishipa mipya. Mishipa hiyo huja kwa fujo, ni dhaifu, huvuja, na mwishowe yaweza kuibandua retina kutoka mahali pake. Hapo upofu huwa haurudishiki.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza na Theodore Terry wa Boston mwaka 1942. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne, Australia, aliionyesha dunia shaka yake kwamba oksijeni isiyopimwa ndiyo kisababishi. Kabla jambo hilo halijathibitishwa, watoto wapatao 10,000 walikuwa wamepofuka, wengi wao katika nchi tajiri zilizokuwa na vifaa vipya vya kulelea watoto njiti. Hapa pana fundisho kwetu. Ugonjwa huu haufuati umaskini wa vifaa. Hufuata vifaa vinapowasili kabla ya uangalizi wake. Mwaka 2005, Clare Gilbert wa London na wenzake walionyesha kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati hata watoto waliozaliwa na uzito mkubwa zaidi huupata, kuliko ilivyo katika nchi tajiri. Kila hospitali ya Afrika Mashariki inayofaulu kumwokoa mtoto njiti yapaswa kuyaangalia na macho yake.

Mzazi hawezi kuutambua ugonjwa huu kwa kumtazama mtoto. Jicho huonekana zuri, wala halitoi machozi wala usaha. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hufanywa kwa tarehe, bila kungoja dalili: kwa kawaida mtoto anapotimiza wiki 4 tangu kuzaliwa. Daktari humulika, au hutumia kamera pana ya watoto wachanga, ambayo huliegemea jicho lililotiwa ganzi bila kulitoboa. Ikionekana kwamba mishipa ya fujo imefikia hatua ya hatari, tiba yatakiwa ifanyike kwa muda wa siku 2 au 3. Mama aliyejifungulia mjini, akarudi Kabonga na mtoto wa gramu 1,400 mgongoni, naye hakuambiwa tarehe ya kurudi, amebeba saa inayohesabu bila yeye kujua.

MBONI NYEUPE

Ugonjwa wa pili ni saratani ya retina ya watoto, iitwayo retinoblastoma. Huwapata zaidi walio chini ya miaka 5, na hutokea kwa mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Dalili yake kuu ni mboni kung'aa nyeupe mwanga unapoipiga, mithili ya jicho la paka usiku. Dalili nyingine ni makengeza yanayoanza ghafula.

Katika ugonjwa huu, kutotumia sindano ni zaidi ya kumpunguzia mtoto maumivu. Uvimbe wa sehemu nyingine za mwili daktari huweza kuuchoma sindano akatoa kipande cha kupima. Jicho lenye retinoblastoma halichomwi hivyo, kwa sababu chembe za saratani zaweza kutoka kwa tundu hilo zikasambaa. Daktari hulazimika kuamua kwa kutazama: kwa kumulika, kwa mawimbi ya sauti, na kwa picha. Uvimbe huu hujijengea mishipa yake ili ujilishe. Na picha za mwanga zaweza kumwonyesha daktari hali ya tabaka za retina, na baada ya tiba, kama pana kitu kilichobaki au kilichorudi.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu watoto 4,351 wa nchi 153, ulionyesha tofauti ya kutisha. Katika nchi tajiri, nusu ya watoto walikuwa wamegunduliwa kabla ya kupita miezi 14 hivi ya umri. Katika nchi maskini, umri huo ulikuwa miezi 30 na zaidi. Katika nchi tajiri, saratani ilikuwa imetoka nje ya jicho kwa asilimia 1.5 tu ya watoto. Katika nchi maskini, asilimia 49. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni wakati wa kufika hospitalini.

Ajabu ni kwamba kipimo cha kwanza kimo mifukoni mwa wengi. Mtu akipigwa picha kwa taa ya simu, mara nyingine macho hutoka mekundu. Wekundu huo ni damu ya mishipa iliyo nyuma ya jicho, iliyorudisha mwanga. Iwapo jicho moja limetoka jekundu na la pili jeupe, na hali hiyo ikajirudia katika picha nyingine, mtoto na apelekwe kwa daktari bila kuchelewa. Si kila weupe ni saratani. Waweza kuwa mtoto wa jicho, au mwanga ulioingia kwa pembe mbaya. Wala picha nzuri si hati ya afya, kwa kuwa simu nyingi hufuta wekundu zenyewe. Daktari ndiye atakayeamua.

SOMO KUTOKA BLANTYRE

Mfano wa tatu umetoka karibu nasi zaidi, nao wahusu adui mkubwa wa mwambao huu, yaani malaria. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, madaktari waliwachunguza macho watoto waliozimia kwa malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 1993, Susan Lewallen na wenzake walieleza waliyoyaona: mabaka meupe katika retina, mishipa iliyogeuka rangi ikawa ya chungwa au nyeupe, na matone ya damu yenye kitovu cheupe.

Sababu yake ilikuja kufahamika. Chembe za damu zilizoingiliwa na vijidudu vya malaria hunata kwenye kuta za mishipa midogo, zikaziba njia. Sehemu ya retina inayokosa oksijeni hupauka. Na chembe zilizoliwa wekundu wake na vijidudu huubadilisha mshipa rangi. Kinachoonekana katika jicho ndicho kinachotendeka katika ubongo.

Mwaka 2004, Terrie Taylor na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa miili ya watoto 31 wa hapo hapo, ambao wakiwa hai walidhaniwa kuwa na malaria ya ubongo. Watoto 7 kati yao walikutwa wamekufa kwa sababu nyingine. Alama iliyowatenganisha vyema wenye malaria ya ubongo na wasio nayo, walipokuwa bado hai, ilikuwa hali ya mishipa ya retina. Kwa maneno mengine, daktari asiyetazama jicho aweza kuitibu malaria vizuri kabisa huku homa ya uti wa mgongo ikimmaliza mtoto.

Kwa wale wanaopona, retina yenyewe mara nyingi hurudia hali yake. Lakini jambo moja halina budi kusisitizwa: hakuna mtu wa kungoja picha ya jicho ndipo amtibu mtoto mwenye homa kali na degedege. Tiba huanza mara moja. Jicho hutazamwa ili kujua kama kuna jingine la kutibu.

WAJIBU WA ASKARI

Msomaji aweza kuuliza: mashine hizo ziko katika hospitali kubwa za mbali, zanihusu nini mimi niliye kambini Rumonge, au kwenye kituo cha mpaka?

Zamhusu kwa sababu kila moja ya habari hizi tatu ina saa yake. Malaria ya ubongo huhesabiwa kwa saa za mchana na usiku mmoja. Mtoto njiti huhesabiwa kwa wiki 4, kisha kwa siku 3. Mboni nyeupe huhesabiwa kwa wiki na miezi. Mashine iliyo bora kuliko zote haina nguvu juu ya muda uliokwisha kupotea. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 75, na anayetoka Kabonga ana safari ndefu zaidi. Mwenye kuifupisha au kuirefusha safari hiyo usiku, mara nyingi, ni askari aliye kizuizini.

Basi yafaa kila askari ashike mambo machache. Akimwona mama mwenye mtoto aliyezimia au anayetikisika kwa degedege, asimchelewesha kwa maswali yanayoweza kungoja. Amfungulie njia, na akiweza ampatie usafiri. Akisikia kambini kwamba mtoto fulani alizaliwa kabla ya miezi kutimia, aulize tarehe ya kupimwa macho, na kama haikutolewa, awahimize wazazi warudi hospitalini kuidai. Akiona mboni nyeupe katika jicho la mtoto wake au wa mwenzake, asikubali kuambiwa kwamba itaisha yenyewe, wala asiruhusu maji ya mitishamba kutiwa machoni. Aidha akumbuke kwamba tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi imetoa matibabu bure kwa watoto walio chini ya miaka 5. Hofu ya gharama isiwe sababu ya kukaa nyumbani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jicho la mtoto ufa huo ni mshipa mmoja mwembamba kuliko unywele, na leo waweza kuonekana bila tone la damu kumwagika. Sayansi imetimiza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni njia ya kutoka ufukweni hadi hospitalini, na njia hiyo imo chini ya ulinzi wetu.